Habari za Angetile na Tepu ya Mita Hamsini

Sogezeni vigoda, enyi mnaopepeta na enyi mnaochambua mchele, nanyi mama wenye watoto wagumu wa usingizi; wapeni titi wanyamaze, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Nausimulia ushindi wa Angetile, mke wa Tuntufye, mbeba mtoto, mshika tepu, tishio la mashimo, aliyesimama pale Talatala akautetea mpunga ambao hata kupandwa ulikuwa haujapandwa.

Hapo kale, yaani mwaka juzi, palikuwa na shamba la nusu eka, mali ya Mzee Ambwene. Akaja mkandarasi wa barabara na majitu yake ya chuma, akala changarawe viangazi viwili bila kushiba, akaacha shimo ambalo ng'ombe akiingia alitoka amebadilika tabia. Ikaamriwa lifukiwe, nalo likafukiwa. Udongo ukarudi kwao, kingo zikalazwa. Lakini jembe lisiguse pale mpaka mkaguzi apime, aandike, agonge muhuri. Mara mbili mkaguzi aliahidi, mara mbili hakutokea. Na mawingu ya Desemba yalikwisha kujipanga juu ya ziwa kikosi kwa kikosi, na asiyelima wiki ile angekula wali wa jirani mwaka mzima.

Basi Alhamisi saa nne pikipiki ikanguruma, akashuka Bwana Mansuri mkaguzi, mtoto wa wenye maduka wa Kyela mjini, mlinzi wa fomu, asiyecheka akiwa kazini. Akakuta kijiji kitupu. Watu wote walikuwa msibani Mwaya, Tuntufye akiwemo. Walibaki wawili tu: Angetile, na mgongoni mwake binti yake Lusungu wa miezi tisa, na Mzee Ambwene, baba mkwe wake.

Na hapo ndipo penye kazi. Mzee Ambwene alishika mila ya zamani kwa mikono miwili: baba mkwe na mkamwana hawatazamani, hawasemezani, hawatajani jina, wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye migomba. Miaka mitatu ya ndoa Angetile alimjua mkwewe kwa kikohozi tu. Sasa wote wawili walikuwa wamelijia shamba kwa njia mbili tofauti. Mzee akajitupa nyuma ya lundo la changarawe lililosalia, Angetile akachutama nyuma ya pikipiki.

"Enyi wenye ardhi," alisema Bwana Mansuri, akiinua tepu kama upanga, "fomu inasema kila ncha ishikwe kwa mkono wa mtu wa kaya hii. Mimi sishiki wala sielekezi, maana nikishika nitakuwa nimejikagua mwenyewe. Jitokezeni."

Lundo la changarawe likajibu. "Bwana mkubwa, nimepigana na mamba wa Mto Mbaka, nimezika ndugu, nimekopesha watu. Lakini jambo unaloniomba, baba yangu hakulifanya, na babu yangu angekufa mara ya pili. Niache nifunge ncha moja kwenye kigingi nilichochonga kwa mkono huu."

Akafunga mwenyewe, akaenda ncha ya pili. Udongo ulikuwa mgeni bado, haujazoea kukaa. Tepu ilipovutwa, kigingi kilitoka kama jino la mzee. Akarudia, kikatoka tena.

"Basi nitarudi Machi," alisema Bwana Mansuri, akaanza kukunja fomu.

Ndipo Angetile aliponena kutoka nyuma ya pikipiki. "Kaka Mansuri, usikunje. Hiyo fomu imetaja mkono. Je, uso imeutaja?"

Mkaguzi akasoma mbele, akasoma nyuma. "Uso haumo."

"Basi mkono wangu nautoa. Uso ninabaki nao."

Akaenda kinyumenyume mpaka kona ya kaskazini, amempa mgongo mkaguzi na mkwe kwa pamoja, akaishika ncha ya tepu begani. Kwenye kona ya kusini Mzee Ambwene alichungulia. Hakuona mkamwana, aliona kitenge, na juu yake kichwa kidogo kilichopinda shingo kumtazama.

"Mimi namwona mjukuu," alitangaza. "Kama chini ya mjukuu kuna mtu, hilo halinihusu." Akaushika mwisho wake, akavuta.

Lakini Angetile alikuwa amekosea alama ya mpaka, na mkaguzi haelekezi. Mzee akakohoa. "Lusungu, mjukuu wangu, mwambie huyo farasi wako asogee kushoto hatua mbili."

"Lusungu, mwanangu," alijibu Angetile, akitazama migomba, "mwambie babu farasi amesikia, ila kushoto kuna tope."

"Mwambie farasi mpunga nao hupenda tope."

Akasogea. Balozi Lusungu, aliyefurahi kuzungumzishwa na pande zote, akaanza kurukaruka. Akaruka mara ya kwanza, tepu ikatetema; akaruka mara ya pili, fundo la kitenge likalegea; mara ya tatu akaanza kuteleza chini polepole, akicheka, huku mama yake amekaza macho mbele na hajui.

"Angetile, mtoto."

Ni Mzee Ambwene aliyeita, tena kwa jina. Angetile akachutama, mikono yote miwili nyuma, akamdaka binti yake usawa wa kiuno. Tepu ilimtoka, lakini chini haikufika. Ngumi ya Lusungu ilikuwa imeikamata, palepale penye alama, nayo haikuachia hata alipobembelezwa.

Bwana Mansuri alisoma upande wa mzee. "Mita thelathini na nane, sawasawa na ramani. Ila ncha ile nani ameishika?"

"Mjukuu wangu."

"Ni mtu wa kaya?"

"Bwana, anakula kuliko sisi sote."

Muhuri ukashuka, nayo ardhi ikarudi kwa wenyewe.

"Lusungu," alisema Angetile akifunga kitenge upya, "mwambie babu asante sana, ndaga fijo. Mwambie na yule aliyetajwa jina amesikia."

Mzee alikohoa muda mrefu kuliko kawaida. "Mwambie lilinitoka tu. Lakini si jina baya."

Mkaguzi hajafika hata lami, majembe yalikwisha kuinuka. Mzee akilima kutoka kusini, mkamwana kutoka kaskazini, wamepeana migongo. Jioni wakaacha katikati utepe usiolimwa, upana wa hatua nne, kwa ajili ya heshima. Andikeni basi, enyi mnaojua kuandika, na msiojua mkumbuke: Alhamisi ile shimo la Talatala lilikufa, shamba likazaliwa, na utepe ule wote, mwanzo hadi mwisho, Lusungu aliutambaa peke yake, akienda kwa babu na kurudi kwa mama.