Mgeni wa Saa Sita na Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata jasusi! Hatimaye! Miaka minne nalinda mtandao wa ofisi hii kutoka chumba cha chini, mimi, seva na feni, na hakuna aliyewahi kutuibia hata nukta. Leo nimepekua rekodi za tovuti yetu. Kuna mgeni. Huja kila siku saa sita na dakika kumi, tena kwa kujificha: anapitia kompyuta tatu za mbali ili asijulikane atokako. Na anasoma nini? Makala zangu za usalama! Zote thelathini na moja. Hakuna mwingine anayezisoma, takwimu ninazo. Bila shaka anachunguza mbinu zangu.

Nimemdokezea Fundi Printa ngazini. Ameniuliza kama nimekula. Wivu mtupu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa macho kodo tangu saa sita kamili. Wenzangu wote wako kantini, juu ya kichwa changu. Nasikia vicheko. Fundi Printa huyo, anapiga soga. Kila meza inamkaribisha, eti kwa sababu anachomoa karatasi zilizokwama. Mimi nazuia wizi, nani anaona?

Mgeni kafika. Dakika kumi na tisa kwenye makala ya nywila. Nikajikuta namwomba kimoyomoyo asome na inayofuata. Kaisoma. Nimefurahi, naona haya hata kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Nimemnasa! Anayejificha lazima aingie mafichoni kutoka mahali fulani. Sekunde ileile mgeni alipofika, kompyuta moja ya humu humu ndani ilikuwa inaungana na moja ya zile kompyuta za mbali. Ghorofa ya pili, masijala! Nimeikatia mtandao, nikapanda mbio kwa meneja, nikavamia kikao nikihema, nikatangaza jasusi. Wote wakanigeukia. Mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nilijiona mtu wa maana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeumbuka. Jasusi ni Mama Majalada, karani wa masijala, yule wa miwani yenye kamba. Aliitwa kwa meneja, akatoa karatasi mkobani: makala yangu ya kumi na nne, kaichapisha na kuipigia mistari. "Usitembelee tovuti yoyote bila kujificha." Nimeandika mimi. Akasema alifuata maagizo tu. Akasema huzisoma wakati wa chakula kwa sababu zinamchekesha. Meneja akauliza kama nina la kusema. Nikasema mistari kaipiga mahali penyewe.

Nimeifungulia kompyuta yake na kumwomba radhi. Alisema yameisha, mwanangu. Akauliza kwa nini sili na wenzangu. Nikasema sijawahi kualikwa. Akasema kesho atanialika kwa maandishi, nisipate kisingizio.

Nimepiga pasi shati la bluu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu. Nasubiri mwaliko. Nimejifunza mzaha mmoja wa kusimulia mezani.

Saa tano. Shambulio! Barua pepe bila jina, anwani imefichwa kwa ustadi, hatua kwa hatua kama nilivyofundisha mwenyewe. Inasema: "Karibu meza yetu leo. Tumekuwekea kiti. Bofya hapa utujulishe kama unakuja." Kiti! Matapeli hawa wanajua pa kumgusa mtu. Mkono ulikuwa tayari kubofya. Nikajikaza. Nimeifuta, nimeizuia anwani isirudi tena, nimemwandikia meneja ripoti ya kurasa mbili.

Saa saba. Mama Majalada hajaleta kitu. Ahadi za watu hizo. Hata mgeni wangu wa saa sita na dakika kumi leo hakutokea. Nimekula mkate mbele ya seva, nimevaa shati la bluu. Imeniuma, sifichi.

Lakini kazi ni kazi. Nimeanza makala ya thelathini na mbili: namna ya kutambua mwaliko wa uongo. Huenda Mama Majalada akaisoma.