Mfuko wa Viazi vya Dundori

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo historia imeanza. Shule itapeleka mradi mmoja tu kwa mashindano ya sayansi ya kaunti, na Mwalimu Wanyoike atachagua Ijumaa. Lazima uwe wangu. Amenifundisha kemia miaka mitatu na bado ananiita mdogo wa Travis. Travis alimaliza shule kitambo! Mimi ni Maxwel. Sijawahi kumrekebisha. Huwa naitika tu.
Mpinzani: Celestine. Anaokota mitungi ya plastiki, anaikatakata, anaiosha, anaiyeyusha, anaishindilia kwa moldi, inatoka nguzo za ua. Nguzo! Makofi. Mimi natengeneza mfuko kwa wanga wa viazi, unaooza wenyewe ardhini. Plastiki kwisha.

Jumanne
Nimekuna viazi vya Dundori, nikachuja wanga, nikapika na siki na glisarini ya Mama ya kujipaka. Ikawa nzito, nyeupe, maridadi. Nikatoka kutafuta sinia ya kuianikia. Kurudi, sufuria tupu! Akina mama wa kanisa walikuwa wamefika kwa maombi, na Mama akadhani nimewapikia uji. Nikajificha nyuma ya pazia nikiwatazama wakinywa plastiki. Mama Njoki akasema hajaonja uchachu kama huo tangu aolewe, akaomba kikombe cha pili. Kisha wakaniita wanibariki. Nikabarikiwa.
Nimepika nyingine. Naianika kesho alfajiri.

Jumatano
Imekauka juu ya mabati! Unaona mpaka upande wa pili! Nimeunganisha kingo kwa pasi. Baba ameuliza kwa nini shati lake linanuka chipsi. Nimesingizia sabuni.

Alhamisi
Mfuko umebeba vitunguu mpaka shule bila kupasuka. Lakini wote walikuwa wakishangaa nguzo. Kwa hivyo, mpango. Nimemwomba Wariara, kiranja wetu, amwambie mwalimu kazi zote zilale nje usiku mmoja, zijaribiwe kikweli. (Mimi mbele ya mwalimu ulimi hukauka.) Hesabu yangu: mlinzi wa shule anatafuta nguzo za banda lake la kuku tangu Aprili. Kufikia asubuhi Celestine atakuwa anaonyesha hewa. Mwalimu amekubali. Amempongeza Wariara kwa akili. Akili yenyewe ni yangu. Karibu, Wariara.

Ijumaa
Mvua. Usiku kucha!
Nguzo zote zipo. Mlinzi amezipanga ukutani vizuri, hata amezipangusa. Mfuko wangu umerudi kuwa uji. Kuku wake wameumaliza darasa zima likitazama. Celestine akauliza kama wameshiba ama niwaongezee. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza ulikuwa wa nani. Nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe: wa Maxwel. Akageuka nyuma, akauliza darasa Maxwel ni yupi.
Celestine anaenda kaunti. Baadaye akaniambia eti nijiunge naye, anahitaji mtu wa kuosha mitungi, na majina mawili yanaruhusiwa. Akaniita Max, jina ninaloitwa nyumbani tu. Alijuaje?

Jumapili, 15 Juni
Mwalimu Wanyoike amekutana na Mama kanisani. Amemwambia mdogo wa Travis ni mtundu sana. Mama Njoki ameulizia uji.
Nimemkatalia Celestine. Mitungi aoshe mwenyewe. Nimefikiria sana na ni wazi kosa lilikuwa viazi. Kesho naanza na unga wa mahindi. Wariara nimeshamtuma aombe jaribio lirudiwe, kila kitu kilale nje tena. Nguzo safari hii haziponi.
Na mvua haiwezi kuninyeshea mara mbili.