Chaki ya Mviringo

Jumatatu, 9 Septemba 1957

Nimepewa cheo! Mimi, Micah, karani wa kinu cha unga, sasa ni msimamizi wa chaki wa klabu yetu ya biliadi hapa Nakuru. Hakuna mwingine aliyekitaka cheo hicho. Hilo halipunguzi heshima.

Jumamosi tunacheza na Longonot, watu wa reli. Chaki iliyobaki ni kipande kimoja tu, kimetoboka katikati kama jino bovu. Bila chaki, ncha ya fimbo huteleza juu ya mpira na mchezaji huaibika mbele za watu. Kiptanui, karani wa posta, akasema tununue chaki za mraba kama siku zote. Nikasimama. Nikasema umbo ndilo kila kitu. Ncha ya fimbo ni ya mviringo. Itapatana vipi na kitu chenye pembe nne? Watu wakatazamana. Nadhani waliguswa.

Mzee Bashir, mwenyekiti wetu, yule wa lori la mahindi, aliamua hivi: Alhamisi mimi nilete ya mviringo, Kiptanui alete ya mraba, zijaribiwe. Mwenye chaki bora ndiye atakuwa mchezaji wa nne. Kisha akatukumbusha jambo baya. Manispaa wanakitaka chumba chetu kiwe stoo ya madawati. Afisa wao anakuja kukagua Jumatatu ijayo. Akikuta meza imeharibika, biliadi kwaheri. Mzee akakipapasa kile kitambaa cha kijani cha meza kama mtu anayempapasa ndama wake.

Kiptanui alinipa mkono. Anatabasamu sana yule. Ana jambo.

Jumanne, 10 Septemba

Nimezunguka maduka yote. Chaki za mviringo hakuna. Muuzaji mmoja aliniambia tangu azaliwe hajaona chaki ya biliadi isiyo ya mraba. Nikamwambia dunia ni kubwa. Akaniuliza kama nanunua au nahubiri.

Nikatoka na huzuni. Huzuni ya dakika tano. Karibu na stesheni nilipita lori lililobeba lile jiwe jeupe linalochimbwa Kariandusi. Mabonge mawili yalikuwa yameanguka barabarani. Nikaokota moja. Jepesi kama mkate mkavu! Nikalisugua kwa kidole: unga laini, laini kuliko wa kinu chetu.

Kwa nini ninunue chaki? Nitaitengeneza!

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya kazi kubwa. Nimetwanga jiwe kwenye kinu cha mke wangu. Nikachanganya na uji mzito wa muhogo ili lishikane. Rangi ikanisumbua, maana chaki nyeupe haina hadhi. Nikaona bluu ya kufulia juu ya kabati. Nikatia. Vifuniko vya chupa za soda vikawa kalibu. Nikavipanga juu ya jiko.

Nasimiyu, mke wangu, aliingia akasimama mlangoni.

“Baba Namalwa, unapika nini?”

Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema sayansi imetumia nusu ya bluu yake, na Jumapili ni zamu yake kufua vitambaa vya kanisa. Nikamwomba awe na subira. Alichukua kinu chake akaenda kukiosha mara tatu.

Nilitengeneza nane. Tatu zilipasuka. Tano ni nzuri mno. Namalwa, binti yetu, alidhani ni peremende akalamba moja. Ulimi umebadilika rangi lakini anasema haumwi.

Alhamisi, 12 Septemba

Ushindi!

Lakini nieleze kwa utaratibu. Kiptanui alipaka chaki yake ya mraba, akapiga mara kumi, akatumbukiza mipira sita. Mimi nikapaka yangu ya mviringo, nikapiga mara kumi, nikatumbukiza mmoja, na huo haukuwa ule niliolenga. Nikaeleza kwamba chaki mpya lazima kwanza izoeane na fimbo. Mtu mmoja akakohoa.

Ndipo Mzee Bashir mwenyewe akaichukua fimbo yangu. Akalenga mpira mwekundu toka upande wa pili kabisa wa meza. Mzee hajawahi kuupata mpira huo tangu nimfahamu. Akapiga. Ukaenda polepole, ukagusa ukingo, ukafikiri kidogo, ukatumbukia! Chumba kizima kikapiga kelele. Mzee akaibusu chaki. Midomo ikawa ya bluu kidogo, nani anajali.

Basi chaki ni yangu na nafasi ya nne ni yangu. Kiptanui aliitia ile ya mraba mfukoni, akanipongeza. Nilimhurumia. Kidogo.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimetengeneza nyingine kumi na mbili kwa ajili ya wageni. Safari hii nimetia bluu maradufu, ili zionekane toka mbali. Nasimiyu ameuliza pakiti imekwenda wapi. Nikasema imekwenda kulitetea jina la Nakuru.

Mawingu yametanda upande wa mlima Menengai. Hayanihusu.

Jumamosi, 14 Septemba

Mungu wangu.

Mvua ilinyesha tangu saa sita. Wageni walitoka stesheni kwa miguu wakafika wameloa chapachapa. Mikono imelowa, fimbo zimelowa. Nikawagawia chaki zangu kwa mkono wangu mwenyewe, kila mtu yake, na hotuba fupi kuhusu umbo.

Jiwe lile hunywa maji kama ngamia. Sikujua! Mtu alipopaka chaki mara ya tatu, ikageuka ujiuji. Mpira mweupe ukawa wa bluu. Mwekundu ukawa wa rangi ya zabibu. Nahodha wa Longonot, mtu mkubwa aliyevaa shati jeupe, ana tabia ya kujishika pua akifikiri. Naye alifikiri sana. Kisha nikaona kitambaa. Madoa ya bluu kila mahali kwenye ile kijani, kama kuku alikanyaga wino akatembea humo.

Mzee Bashir alisimamisha mchezo. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo mbaya. Akauliza nani ameleta kitu hiki mezani mwake.

Nikatazama mlango. Nahodha wa Longonot alikuwa amesimama hapo.

“Chaki tuliichagua sote Alhamisi, Mzee,” alisema Kiptanui. “Hata wewe uliibusu.”

Nahodha akageuka, akajiona kwenye kioo cha dirisha, pua ya bluu, kidevu cha bluu. Nikafumba macho. Nikasikia kicheko! Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na wenzake wakamfuata. Kiptanui akafuta mipira kwa leso yake, akatoa ile chaki ya mraba mfukoni, akacheza badala yangu. Tukashinda. Wageni wameaga vizuri. Mzee hakuniaga.

Lakini kile kitambaa! Na Jumatatu afisa anakuja.

Nimemwambia Nasimiyu kila kitu. Alisikiliza akiendelea kuchambua mboga. Akauliza swali moja tu: kitambaa ni cha pamba au cha sufu?

Jumapili, 15 Septemba

Nilifika klabuni mapema na ndoo ya maji. Kiptanui alikuwa huko tayari, ameinama juu ya meza na brashi ya nguo. Sikumwomba. Nikachovya tambara. Nilikuwa nimeunyoosha mkono wangu tayari juu ya doa kubwa kuliko yote nikasikia sauti nyuma:

“Usilowanishe!”

Nasimiyu, na nguo zake za kanisani, chupa ya siki mkononi. Akatusukuma kando sote wawili. Akasema sufu hupigwa brashi ikiwa kavu, upande mmoja tu, mpaka unga wote utoke. Doa litakalobaki liguswe kwa kitambaa chenye tone la siki. Liguswe, lisisuguliwe. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Akampa Kiptanui chupa.

Tulipiga brashi asubuhi nzima. Mgongo wangu umekufa. Lakini bluu ilipauka mbele ya macho yangu, doa moja baada ya jingine, mpaka ikabaki kijani tupu! Mzee Bashir aliingia saa saba. Aliizunguka meza mara mbili. Halafu akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akajipepea. Akamwambia Nasimiyu, “Mama, umetuokoa.” Mimi akaniambia nikamwage ile ndoo.

Nimekula chakula cha mchana kama mtu aliyetoka jela. Hata Kiptanui nilimkaribisha. Alikula sana.

Jumatatu, 16 Septemba

Afisa wa manispaa alikuja, akatazama, akapitisha kiganja juu ya kitambaa. Akasema hajaona meza iliyotunzwa hivi. Chumba ni chetu! Madawati yatafute kwingine. Watu walikumbatiana. Mimi nilikumbatiwa na wawili, mmoja wao kwa makosa. Nilijihisi mwepesi hata ningeweza kuruka Ziwa Nakuru lote mpaka ng'ambo.

Nimefikiri sana juu ya mambo haya, maana mtu mwenye akili lazima ajifunze. Kwanza, Kiptanui alinitetea ili apate nafasi yangu mezani. Sasa nimemjua. Pili, umbo la chaki halina maana yoyote. Nilikuwa nimekosea mahali pa kutazama. Shida iko kwenye kingo za meza! Ule mpira ulioshonewa ndani ya kingo umezeeka, haurudishi kitu kwa nguvu.

Leo Mzee ameuliza nani atashughulikia kingo. Kiptanui akasema tuandike barua Nairobi tungoje. Nimenyoosha mkono haraka kabla hajamaliza. Mzee hakuona, lakini mkono ulinyooshwa, na huo ni uteuzi.

Lori la Mzee Bashir lina gurudumu la akiba huko nyuma, halitumiki. Nimelitazama mchana huu. Mpira safi, mzito, mpya kabisa. Nikikata kipande chembamba tu, hata halitajua.