Nyama Ipumzike, Bibi Atoke Jikoni

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa mapishi,

Pokea salamu zangu, ingawa huzistahili. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kusoma najua, na nimeyasoma yale "Makosa Kumi na Mawili ya Mpishi wa Nyumbani" mliyoyachapisha. Nimeyasoma kwa lazima, maana mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, ameyakata gazetini akayabandika juu ya jiko. Tangu siku hiyo sipiki. Naambiwa, "Mama, kaa sebuleni, upumzike." Miaka arobaini na sita nimeshika sufuria, leo nimekuwa pambo la kochi. Basi nalalamika hivi:

1. Mnasema mpishi asome maelezo yote kabla ya kuwasha moto. Maelezo gani? Mama yangu hakuniachia maelezo, aliniachia makofi. Nikakoma kukosea.

2. Mnasema aonje chumvi kila hatua. Huko si kupika, ni kula kwa wizi. Mkwe wangu anaonja mara sita, kisha mezani anatuambia hana hamu ya chakula, eti ni joto la jiko. Mimi chumvi naipima kwa kiganja. Ikizidi, mlaji anywe maji.

3. Vipande vya nyama visibanane kikaangoni, vipewe nafasi. Sisi tulilala watoto tisa chumba kimoja, na tuliiva wote.

4. Hapa ndipo mliponimaliza. Eti nyama ikitoka motoni ipumzike dakika kumi kabla ya kukatwa. Imefanya kazi gani? Imechota maji? Imefua? Nimelea watoto watano, hakuna aliyenipumzisha hata dakika mbili. Juzi tumekaa nyumba nzima, mikono tumeshanawa, tunaitazama nyama imelala kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Na mwanangu, yule yule aliyekuwa akidokoa sufuriani mwangu nyama ingali inatokota, ananinong'oneza, "Mama, tuiache kwanza, imechoka."

5. Makosa yote kumi na mawili ni yangu. Hamkuacha hata moja, hata lile la kufunua wali kila dakika. Nani aliwaletea habari zangu? Mpishi wenu hanijui, hajaingia kwangu, hajala kwangu. Mtu ambaye hajala kwangu anipe makosa yeye kama nani? Yai linamfundisha kuku kutaga.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mchapishe kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile nene, kwamba makosa hayo yakifanywa na mtu aliyevuka miaka sitini si makosa, ni mapishi. Tena huyo mpishi wenu aje hapa nyumbani, avue aproni yake mbele ya mkwe wangu, anikabidhi. Mkishindwa, fungeni gazeti. Watu walikuwa wakila kabla yenu.

Fanyeni haraka. Mwanangu amesema Jumamosi hii nitapewa jiko, watoto wangu wote wakiwepo. Chakula kikiwashinda kula, jiko ni la mkwe moja kwa moja, na mimi nirudi kwenye kochi mpaka siku yangu.

Wasalimieni wote hapo ofisini, hasa anayewachemshia chai. Mwambieni asiwasikilize.

Ni mimi, niliyekula chumvi nyingi kuwashinda nyote,
Mama wa Watano

Nyongeza: Ile nyama iliyopumzika nilikula vipande vinne. Ililainika kweli, na meno yangu hayasemi uongo. Yale makosa manane ya kwanza nimeshayanakili, ila kuanzia la tisa mvuke umeyafuta na siwezi kumuuliza yule mkwe. Niandikieni hayo manne kwa herufi kubwa, yafike kabla ya Jumamosi. Nyumbani msilete. Mpeni fundi cherehani wa hapa kona, na akiulizwa aseme ni vipimo vya gauni langu.