Malalamiko Dhidi ya Kompyuta Inayojibu "Nzuri"

Kisian, Jumatano

Kwa Bwana Satwant, Mkurugenzi wangu wa kiwanda cha barafu (natumaini bado ni wangu),

Pokea salamu zangu za heshima. Naandika kupinga kusimamishwa kazi kwa ajili ya samaki wa mteja wetu Mama Akello waliooza Jumapili katika chumba chako cha baridi. Mimi niliandika programu tu. Mkosaji ni kompyuta, nami naishtaki hivi:

1. Niliifundisha njia tatu za kukuarifu joto likipanda: ikutumie ujumbe wa simu, ukishindikana, barua pepe, nayo ikishindikana, ipige kengele. Jumapili njia zote tatu zilishindikana, kwa sababu ambazo mpaka leo hakuna azijuaye, maana hazikuandikwa popote. Kompyuta iliandika neno moja: "Nzuri."

2. Ni kweli neno hilo nililiweka mimi, tena mara tatu, kila mahali penye hitilafu. Lakini hiyo ni adabu! Nani huulizwa habari akaanza na msiba? Unasema nzuri kwanza, ndipo mengine yafuate. Kompyuta ilisema nzuri, mengine ikayameza.

3. Ishita wa ofisini anadai kila njia ikishindwa sababu yake iandikwe, na zikishindwa zote, programu isimame na kuzitaja zote waziwazi. Mbele ya wageni! Mimi sikulelewa hivyo.

4. Mama Akello amenitangaza soko zima: "Samaki yangu inanuka mpaka Obunga, na computer ya Okinyi inasema nzuri!" Sasa hata wauza mboga wananisalimia kwa neno hilo. Nimeumia, Bwana.

Kwa hiyo naomba kompyuta isimamishwe kazi badala yangu, nami nirudi kama msimamizi wa nidhamu yake, nikipewa meza ya dirishani.

Nisalimie Ishita, Bi. Komal wa mapokezi, na mlinzi aliyeninyang'anya kitambulisho kwa upole.

Ni mimi niliyeonewa,
Okinyi

Nimesahau: mke wangu Sylvia hajui kwamba nimesimamishwa. Kila asubuhi navaa shati la kazi, nakwenda kukaa kwenye kibanda cha chai mpaka jioni. Nimejaribu njia tatu. Kumwandikia ujumbe: niliufuta, kwa aibu. Kumtuma dada yake Agneta: alikataa, kwa akili. Kumwambia mwenyewe: jana aliniuliza habari za kazi, nikajibu nzuri. Zote zimeshindwa, Bwana, na sababu zake ndizo hizo. Kompyuta haina kosa, ilijifunza kwangu. Barua hii nampa Sylvia akuletee, na bahasha siifungi.