Mrithi wa Pumzi ya Swami Shwasananda

Swami Shwasananda, mtawa wa Kihindu, alipofariki pale Rishikesh, akazikwa ameketi kama ilivyo desturi ya watawa hao, aliacha mengi: matajiri aliowafundisha kuvuta pumzi kwa tundu moja la pua, mawaziri waliopiga naye picha miguu ikiwa juu, dawa ya mba yenye sura yake, na ashramu kubwa, makao ya watawa na wanafunzi wao, ukingoni mwa mto Ganga. Hakuacha mrithi.

Bhuvan Dabral, muuza mikeka ya yoga langoni, aliliona pengo hilo kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Kule Haridwar alikuwa na kesi na mdogo wake, Lokesh, juu ya nyumba ya baba yao, na alikuwa karibu kushinda. Nyumba aliitaka. Sasa alitaka na ashramu.

Akajipenyeza kwa wafiwa, akapiga magoti.

"Nilimpelekea maziwa alfajiri ile," alisema. "Akanishika sikio, akanipulizia puani. Kumbe ndiyo pumzi yake ya mwisho."

Wanafunzi wakaangua kilio. Mama Vimla, msimamizi wa ashramu, hakulia. Alimtazama kama fundi anayempima mteja suti.

"Tundu gani?"

"La kushoto, Mama."

"Basi ni wewe. Kesho tunakutawaza."

Ilikuwa rahisi mno, lakini Bhuvan aliuhesabu urahisi huo kuwa kipaji chake. Asubuhi akanyolewa, akashushwa mtoni, na kama impasavyo kila anayeupa ulimwengu kisogo, akajifanyia mazishi: akatoa madonge ya wali kwa ajili ya roho yake mwenyewe, akaziachia maji nguo zake, akatoka amevikwa vazi la rangi ya chungwa. Lokesh alikuwa mbele ya umati, pamoja na wakili. Akainama, akamgusa miguu kama mtu amwamkiavyo Maharaj, mtawa mkuu.

"Umekuja kunipongeza, mdogo wangu?"

"Nimekuja kumzika kaka, Maharaj. Mama Vimla alinipigia simu jana. Wakili anasema aliyejizika mbele ya mashahidi ni marehemu kisheria. Nyumba ni ya aliye hai."

Bhuvan akamgeukia Mama Vimla. "Haya. Nionyeshe hazina."

"Hazina ni ya wadhamini, Maharaj, na mwenyekiti wao ni mimi. Swami mwenyewe alikuwa na bakuli tu. Sisi tulihitaji mtu wa kukaa kitini, wageni wasitukimbie."

"Basi naondoka."

"Uende wapi? Nani atampangishia chumba marehemu?"

Bhuvan akatafuta jibu. Kwa mara ya kwanza maishani hakulipata, na wanafunzi, walipouona ukimya ule, wakaanguka kifudifudi. Hata Swami hakuwahi kunyamaza kwa kina namna ile.