Kunguru wa Shingo ya Kijivu Si Wangu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
20 Agosti, 1981

Kwa Ndugu Aristides,
Mtafiti wa Ndege na Viumbe Walioletwa kutoka Mbali.

Ndugu Mtafiti,

YAH: KUNGURU

Nakuandikia kwa heshima, na kwa haraka kidogo, maana Jumamosi ijayo nahamishwa.

Utanikumbuka. Mimi ni yule mzee wa Kihindi niliyekuazima kiti wakati ulipokuwa ukikaa nyuma ya jalala la soko na darubini yako, ukihesabu kunguru. Sikukuuliza kitu. Mimi ni mpenda vitabu, na nilifurahi kuona kwamba bado yupo mtu ambaye kazi yake ni kutazama.

Halafu ukatuita kwenye ofisi ya tawi la Chama kutueleza matokeo. Ulieleza vizuri sana. Ulisema kunguru mwenye shingo ya kijivu si wa hapa; aliletwa kutoka Bara Hindi, akazaana, na sasa anakula mayai na makinda ya ndege wadogo wenyeji, ndiyo maana siku hizi mjini hatusikii chiriku. Ulisema tusipomwondoa, ndege wa nchi hii tutawaona kwenye stempu tu. Ukaahidi mitego na sumu, wote tukakubali. Kisha ukakunja ramani yako, ukapanda Landrova, ukaondoka. Hukuona kilichofuata. Watu wote ukumbini waligeuka, taratibu, wakanitazama mimi.

Tangu siku hiyo yamenipata haya:

1. Sabuni. Mama Elisaria, mwenye duka la jumla, mtu wa Marangu na jirani mwema, aliacha kipande cha sabuni kando ya karai, kunguru akakichukua. Unajua sabuni inavyopatikana kwa shida siku hizi. Alikuja mlangoni kwangu, akaniamkia kwa adabu zote, akasema, "Mzee Kanti, ndege wenu kachukua sabuni yangu." Nikamjibu kwamba sina ndege. Akasema hanilaumu, hata yeye ana ndugu huko kwao wanaomtia aibu. Anachoomba ni nimwambie airudishe tu. Kwa kuona haya nikampa nusu ya sabuni yangu. Hilo lilikuwa kosa, maana mtaani lilipokelewa kama kukiri. Kesho yake walikuja wengine: mmoja anadai sabuni, mwingine kijiko, na mmoja meno ya bandia, ambayo nina hakika hayakuchukuliwa na ndege.

2. Lugha. Ndugu Zahoro, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alifika na watu wake kuniomba niseme na kunguru kwa Kihindi. Nilimweleza kwamba kwetu tunasema Kigujarati, Kihindi changu ni cha sinema. Kwamba nimezaliwa Unguja, Mkunazini, nikahamia hapa mwaka 1964, na Bara Hindi sijafika hata kwa matembezi. Akasema huenda na kunguru hajafika, kwa hiyo tutaelewana. Nikatoka uani, nikawaambia kunguru kwa Kigujarati, kwa sauti ya kawaida, kwamba waondoke. Hawakuondoka. Walioshuhudia walisema sikusema kwa moyo. Ndugu Zahoro akawaambia kwa Kiswahili huku akirusha ndala, wakaruka wote. Uamuzi wa kikao ukawa kwamba kunguru wanajua Kiswahili vizuri sana, ila mbele yangu wanadeka.

3. Msiba. Wiki iliyopita kunguru mmoja alinaswa kwenye nyaya za umeme, akafa. Majirani waliniletea, amefungwa katika gazeti. Wakakaa barazani kwangu kama saa moja, muuza kahawa akapitisha vikombe. Mama Elisaria akaniambia, "Pole, mzee wetu, ndiyo dunia." Ndugu Mtafiti, mpaka leo sijui kama walikuwa wananitania. Nilitafuta jibu la ukali, nikajikuta nimesema asante.

4. Kuhamishwa kwenyewe. Ndugu Zahoro amefikiri, na akifikiri huwa hasimami. Anasema kunguru wako hapa kwa sababu mimi niko hapa, nikihama, watanifuata. Mkutano wa Jumamosi utapitisha kwamba nipelekwe Upanga, kwa Wahindi wenzangu. Mkokoteni umeshapatikana. Vijana wamejitolea kunibebea kitanda na vitabu, na Mama Elisaria anakanda unga wa maandazi ya safari, ingawa Upanga naweza kwenda kwa miguu kabla chai haijapoa. Hakuna aliyekasirika. Wananifukuza kwa upendo, na hilo ndilo linaloniwia gumu, maana mtu wa hivyo huwezi kugombana naye. Hao wenzangu wa Upanga siwajui. Wenzangu ni hawa wanaonihamisha.

Sasa niruhusu nitumie elimu yako mwenyewe. Kipimo ulichotupa ni hiki: kiumbe kilicholetwa na binadamu kutoka mbali, kikazaana, kikaenea. Nilikwenda maktaba nikasoma. Mahindi na muhogo vilivuka bahari kutoka Amerika, na nyanya pia. Kuku asili yake ni Asia. Mwarobaini, ambao mtaa mzima unauchemsha ukishikwa na homa, ulitoka kule kule kwa kunguru, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja mlangoni kwangu kunishukuru. Nilipotoa hoja hii mbele ya kikao, wajumbe waliwatazama kuku wa Ndugu Zahoro, kisha wakasema kuku ni suala jingine.

Nikaendelea. Mama Elisaria alikuja kwa treni kutoka Kilimanjaro, akazaa saba, na duka lake sasa limeenea mpaka nyumba ya pili. Babu yake Ndugu Zahoro alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tukaulizana basi mwenyeji halisi ni nani katika nyumba zetu kumi. Alipatikana bibi mmoja wa Kizaramo anayeuza mkaa pembeni. Wakamuuliza anataka nani aondoke. Akasema yeyote, mradi kwanza amalize deni la mkaa. Kikao kikafungwa hapo hapo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Ufike Jumamosi, ikiwezekana na Landrova, maana ina heshima yake, utangaze kwamba kunguru si wangu.

(b) Jina lake libadilishwe. Nimesoma kwamba aliletwa Unguja zama za Waingereza ili ale takataka. Yaani huyu ni mtumishi wa serikali, tena wa serikali ile. Aitwe basi kunguru wa Kiingereza, na malalamiko ya sabuni yapelekwe ubalozini kwao.

(c) Mitego na sumu ulizotuahidi zifike kabla ya mkutano. Asibaki hata mmoja. Kunguru wakiisha, hakuna wa kunifuata Upanga, na hoja ya mjumbe itaanguka yenyewe. Nasema hivi kama mwananchi mwenye kadi ya Chama na mtu anayewatamani chiriku.

Nisalimie wenzako wa maabara, dereva wa Landrova, na wazazi wako ukiwaandikia. Mama Elisaria anakusalimu sana. Ndugu Zahoro naye anakusalimu, na anauliza kama bundi nao wana kwao.

Ni mimi, wako katika ujenzi wa Taifa, kwa anwani ambayo huenda ikabadilika,

Kantilal Vasant

Nyongeza. Nilikwisha kuifunga bahasha, nimeifungua tena. Ni kuhusu ombi (c). Sumu isianze kabla ya mwezi wa Septemba kwisha. Mwezi huo dini yetu ina majuma mawili ya kuwakumbuka waliotangulia. Tunaweka wali wa maziwa juu ya paa, na kunguru akija akala, tunajua kwamba wamepokea. Mwaka ule niliohama Unguja niliweka sahani juu ya paa hili bila matumaini, maana wazee wangu wote walifia Mkunazini na sikuwa nimemwachia mtu anwani. Alianza kuja yule kunguru mwenyeji wenu, mwenye kifua cheupe. Akautazama wali, akaenda zake. Halafu akashuka mmoja wa shingo ya kijivu, akala mpaka sahani ikawa safi. Siku ile ndipo nilipotoa nguo zangu sandukuni.

Paa hili wazee wangu wameshalijua. La Upanga sidhani. Naomba basi abaki yule mmoja tu. Nimepanda kuwatazama kunguru leo asubuhi, na kwa kuwa siwezi kumtambua, tafadhali usimguse hata mmoja.